Kilo Mbili na Robo

Usiende Kisenyi na uso wako.
Uache nyumbani, uvae ule wa mtu anayetafuta bawaba za dirisha.
Nalwoga hauzi chuma, anauza macho yako:
yakimeta kidogo tu, bei inapanda elfu ishirini.

Basi nauliza kwanza misumari iliyonyooshwa,
nageuza pasi ya makaa, nataniana na mwanawe,
na mkono wangu wa kushoto, kama mwizi mwenye adabu,
unachimba chini ya springi za pikipiki
hadi ukutane na baridi ile.

Randa.

Kutu si ugonjwa, alikuwa akisema Ochwo,
kutu ni vumbi lenye hasira. Futa kwa mafuta ya taa, utaona.
Ogopa rangi. Rangi mbichi juu ya chuma kikuukuu
ni mtu aliyenyolewa usiku wa kuamkia kesi.
Ogopa mpini wa plastiki uliopakwa hudhurungi ufanane na mti.
Fungua ulimi, uupime kwa kidole gumba:
kilichobaki kati ya tundu na makali ndiyo miaka unayonunua,
kilichokwisha kilikwisha kuwa vitanda vya watu, milango, majeneza.
Skrubu iwe ya shaba; sumaku iikatae.
Kisha igeuze tumbo juu, ulaze rula, uielekeze juani.
Mwanga ukipenya katikati kama maji chini ya mlango,
irudishe, shukuru, ulizia tena misumari.

Mwisho, sauti. Igonge kwa sarafu ya mia mbili.
Randa nzima huvuma muda mrefu kuliko unavyotarajia.
Yenye ufa hujibu neno moja, tena kwa mkato.

Hii ilijibu kwa mkato.

Nikaitemea mate, nikaisugua kwa pindo la shati.
Pembeni mwa mdomo, upande wa kulia, mshono wa shaba
mrefu kama punje ya mchele,
kazi ya mtu asiyependa kazi yake ionekane.
Na kwenye mpini, pembe ilipokatika, kipande cha mvule
kilichobandikwa kwa gundi siku ambayo naikumbuka,
maana mimi ndiye niliyekaza jiliwa.

Tororo. Karakana nyuma ya stesheni, mwaka wa mvua nyingi.
Nilikuwa na miaka kumi na sita na mikono mirefu kuliko akili.
Sakafu ilikuwa ya saruji. Sauti yenyewe haikuwa kubwa.
Nikairudisha rafuni, ufa ukitazama ukuta.
Ochwo alipouliza, nilisema niliikuta hivyo,
na aliyeitumia jana yake alikuwa Obbo.
Sikumtaja. Sikuhitaji kumtaja.

Obbo akakatwa ujira wa miezi miwili.
Hakubisha sana; alikuwa na kigugumizi,
na hasira yake ilifika kila mara baada ya watu kuondoka.
Mwezi wa tatu hakuja kazini.
Nilisikia yuko Busia, anapiga randa msonobari wa masanduku ya nyanya.
Nilisikia pia kwamba hayuko Busia.

"Ssebo," Nalwoga akasema, "mbona umenyamaza?"
Uso niliouacha nyumbani ulikuwa umenifuata.
Akaipokonya, akaiweka kwenye mizani: kilo mbili na robo.
Akanitazama mimi, si mizani, akataja elfu tisini.
Kisha kucha yake ikajikwaa kwenye mshono,
akaguna, maana kwa vyuma ni mwanamke mwaminifu:
"Kumbe ilivunjika. Kuna mjinga aliiangusha.
Haya, nakukatia elfu kumi na tano."

Nikahesabu noti polepole, sabini na tano,
nikasubiri kinywa changu kiseme kitu.

Akaifunga kwa gazeti la juzi.
Misumari niliiacha.