Fika Konde na Geuza

"Kaza mpaka ilie," aniambia Mbarouk Shaame,
kasimama juani, shati lanuka karafuu,
gari yake imenyanyuliwa na jeki
kama mbuzi anayechunguliwa kwato.
Namjibu: nati hailii. Huja akalia mwenye gari.

Hapa Machomane gereji yangu ni mabati sita na kivuli cha mshelisheli,
na spana ya kupimia niliyoinunua kwa kuuza bangili.
Watu walicheka: dhahabu kwa chuma chenye kuhesabu!
Siku hizi huja kuisikiliza.
Ikifika kipimo husema *tki*, mara moja tu,
kama ulimi wa mama aliyekwisha kuona unachotaka kufanya.
Ikisema, acha.
Hapo ndipo penye kazi: kuacha.

Mwaka juzi Mbarouk alijikazia mwenyewe.
Alichomeka bomba la maji kwenye mpini, akapanda juu,
kilo tisini na ushei, akaruka mara tatu,
kisha akajipangusa mikono kama aliyeozesha.
Boliti mbili zilikwisha kuchanika ndani, kimya kimya,
zile tatu zikabeba deni la wenzao
tangu Mzambarauni hadi mteremko mmoja karibu na Chwale.
Hapo akaona gurudumu linampita.
Anasema alilisifu kabla ya kulitambua:
"Nikasema, loo, tairi zuri lile, la nani?"
Gari ikainama, ikapiga magoti kwenye lami.
Gurudumu halikugeuka kumtazama;
likaruka mfereji, likaingia muhogoni kwa Bi Time Khatoro,
likalala tuta la tatu.
Bi Time alidai mashina kumi na manne. Akalipwa.
Hakuna aliyekufa. Naandika hili taratibu:
hakuna aliyekufa. Watoto wa chuoni walikuwa wamekwisha kupita,
dakika ngapi, hatukuuliza.

Basi leo nafanya kazi mbele ya macho yake.
Brashi ya waya kwanza, kutu itoke,
maana gari hii huteremka Tumbe kubeba dagaa,
na chumvi hailali.
Mafuta kwenye nyuzi siyatii, hata akininunia:
nati iliyolainishwa hukubali kila neno,
hujui imefika wapi.
Kisha vidole. Kila nati kwa vidole vyangu
mpaka igome yenyewe; ikigoma mapema,
imepanda upogo, nairudisha nyuma, naanza upya.
Kisha nyota. Kisha jeki chini, tairi liguse ardhi,
ndipo spana iseme.
Tki. Tki. Tki. Tki.
Kufika ya tano, naye anahesabu kwa midomo.

Tki.

Mlangoni nimeandika kwa chaki,
kwa kuwa maelezo wateja huyapitisha sikio hili kwa hili,
lakini chenye vina hukitii, hata kikiwa kibovu:

*Anza na ya juu kwanza, jirani yake iruke,*
*Polepole ukikaza, nyota yako ichoreke;*
*Mguu ukiongeza, ngoja chuma kikatike,*
*Fika Konde na geuza, uje tena nizishike.*

Mshororo wa mwisho anausoma mara mbili, akakunja uso.
Vitabu vya magari husema kilomita themanini, ndipo urejee.
Kisiwa hiki utazitoa wapi themanini kwa mkupuo?
Ukizidisha kidogo umo baharini.
Nimewapimia mwenyewe: Konde, na kurudi.

"Na nikikuta hazikulegea?"
Utakuwa umeniletea habari njema.
"Na pesa?"
Ya pili silipishi.
Akaondoka bila kuaga, honi moja, vumbi.

Alasiri karudi.
Kiti cha mbele kakaa Bi Time Khatoro,
fungu la muhogo mapajani, buibui kalikunja asichafue.
"Nimekuja kuhakikisha," anasema, hata salamu hajamaliza.
Nachukua spana, nachutama.
Ya kwanza, tki. Ya pili, tki.
Ya tatu ikazunguka robo nzima
kabla ya kusema.

Hakuna kati yetu aliyetia neno.