Mara Mbili

Tulianza na viti kumi na kimoja,
viwili vya mguu mbovu,
ndani ya kinu kilichofungwa, Kaptembwo, nyuma ya wauza makaa.
Mwenye kinu alihamia Molo, akang'oa mashine yake,
akatuachia boliti nne zimechomoza sakafuni
na unga wa miaka ishirini juu ya boriti.
Wimbo ukipanda, unga ulishuka.
Mtoto wa Kemunto akauliza kama hii ndiyo mana.
Tulicheka. Tulikuwa wachache kiasi cha kucheka sote kwa kichekesho kimoja.

Funguo nilikuwa nazo mimi.
Andikeni hivyo, kama kuna anayeandika:
Trufosa Khavere, miaka sita,
ufagio, maji ya kutuliza vumbi, kitambaa cha meza.
Meza yenyewe tuliisimamisha juu ya zile boliti
watoto wasije wakajikwaa,
na palepale paliposagwa mahindi ya mtaa
tukamega mkate.

Kisha nikakosana na Jerotich.
Ilikuwa pesa za mabati. La, si pesa,
pesa zilitimia hadi shilingi ya mwisho.
Ni vile alivyozihesabu upya mbele yangu,
akilowesha kidole kwa ulimi,
mara mbili,
huku mzee wa kanisa akitazama.

Nikamwachia funguo.
Nikasema nina goti. Na goti kweli nilikuwa nalo,
ila halikuwahi kunizuia kwenda sokoni.

Miaka miwili na miezi.
Jumapili nilisikia ngoma yao nikichambua mchele.
Nikasikia nyundo: ukuta wa upande wa barabara unabomolewa,
watu hawatoshi.
Debe tupu, nikasema, haliachi kuvuma.
Lakini lililovuma lilikuwa humu, chini ya leso.

Kilichonirudisha si ndoto wala mahubiri.
Ni sufuria.
Sufuria kubwa ya kanisa, yenye herufi za rangi ya buluu kitakoni,
ilibaki kwangu tangu arusi ya Simiyu,
na kila nilipofungua kabati ilinitazama.
Niliazimia kuiacha mlangoni na kugeuka.

Mlangoni palikuwa na msichana, utepe kifuani.
"Karibu mama. Ni mara yako ya kwanza kusali nasi?"

Mimi!
Majibu yalinijaa mdomoni kama karanga.
Nikatazama ndani nitafute wa kunishuhudia,
nikaona migongo tu,
mabenchi hadi palipokuwa ukuta na kupita,
vijana wa bodaboda, helmeti mapajani,
mama ananyonyesha, mzee amesinzia,
na "amina" moja inayotamkwa kwa lafudhi saba.
Sikumjua hata mmoja. Na walikuwa wameketi
kama watu walio kwao.

"Ndiyo," nikasema. "Mara ya kwanza."
Sijui ni nani aliyejibu kwa kinywa changu.

Wageni wakaombwa kusimama.
Tukasimama watatu: kijana wa Bahati, bawabu wa shamba la maua,
na mimi, nimeikumbatia sufuria kama mtoto wa kubatizwa.
Kanisa zima likageuka.

Jerotich alikuwa karibu na meza,
funguo kiunoni, kwa kamba yangu ileile nyekundu.
Hakuibadilisha.
Akaja, si haraka. Goti nalo limempata.
Akashika sikio moja la sufuria. Sikuachia la pili.
Hakuna aliyesema samahani;
sitaki kuwadanganya, hakuna aliyesema.

Ngoma ikapigwa.
Juu, mabati mapya, lakini boriti ni zilezile,
na kitu cheupe kikatiririka kidogo, kikatua ndani ya sufuria.
Huenda lilikuwa vumbi tu la mafundi.

"Hii ni chai ya watu themanini," akaninong'oneza.
"Leo tumepita mia na hamsini."

"Basi," nikamwambia, "tutachemsha mara mbili."