Tranka

Vya ndani nilivikusanya kwa miezi kumi na moja,
kila mshahara wa duka la dawa na chake.
Prosesa ya mtumba, kwa Gaudence wa Double Road,
aliyeitoa kwenye pamba kama jino la dhahabu
akaapa kwa mama yake mzazi haijawahi kuungua.
Ramu mbili, pacha wasiofanana rangi.
Pawasapulai, hapo sikubania:
umeme wa kwetu Pasua huondoka bila kuaga
na hurudi kwa kishindo,
na ile ya rahisi ikifa huzikwa na wenzake wote.

Kadi ya michoro ilikuja kwa basi la usiku,
imeviringishwa taulo la konda.
Nikaipima kwa rula ya mdogo wangu, rula ikaisha,
nikaongezea kidole:
sentimita thelathini na moja.

Likabaki kasha.

Gaudence akaniwashia alilonalo,
kioo mbele, kioo ubavuni,
feni sita zikibadilika rangi kama kinyonga mwenye homa.
"Dada, hili ndilo vijana wanalolitaka."
Laki mbili na themanini.
Nikaweka kiganja mbele ya kioo.
Hewa inaingilia wapi, Gaudence?
Akacheka. Akapunguza elfu thelathini.
Hewa hakuniongezea.

La pili lilikuwa la bei yangu,
bati jembamba, ukiligusa linaitika,
ila lilipungua sentimita mbili.
Mbili tu!
Lakini chuma si suruali, hakishushwi pindo.

Nikarudi kwa miguu, nikavuka reli,
vumbi la Januari likanifuata hadi chumbani,
na nikakaa pale ninapokaa siku zote kuvua viatu:
juu ya tranka.

AIKANDE E. KIWELU, BWENI LA PILI,
rangi nyeupe, mkono wa mchoraji wa Mbuyuni,
herufi ya mwisho imebanwa ukingoni kama abiria aliyechelewa.
Miaka minne lilibeba sukari, karanga, daftari,
na barua moja ambayo matroni hakuiona.

Nikapiga magoti. Nikapima.
Kadi ikalala ndani
na kubakiwa na nafasi ya kugeuka usingizini.

"Na mashuka yangu?" mama akauliza.
"Nitakununulia begi."
"Begi lina kufuli?"
Siku tatu tulizungumza mambo mengine tu,
bei ya ndizi, msiba wa Uru, mvua iliyokataa kushuka kutoka mlimani.
Siku ya nne nilikuta mashuka kitandani kwangu,
yamekunjwa, yananuka naftalini.
Tranka tupu, limepanguswa.

Wensi, fundi bati wa Majengo,
alichora miduara kwa bakuli la uji,
minne, miwili ya kuvuta na miwili ya kutoa.
"Kuku au njiwa?"
"Michezo," nikasema. "Ya kompyuta."
Akanitazama kidogo,
akanitazama tena,
akaendelea kutoboa.

Chandarua kilichochanika nikakikata vipande
nikaviwamba mbele ya feni,
maana vumbi na mbu ni ukoo mmoja.
Kitufe cha kuwashia ni cha kengele ya mlango,
elfu mbili na mia tano, sokoni.
Nyaya nilizipitisha chini, nikazifunga kwa uzi wa viatu.
Hazipendezi.
Hakuna kioo cha kuzionyesha, basi tumesameheana.

Jumamosi, saa tatu usiku, nikabonyeza.

Kimya.

Kumbe swichi ya ukutani.

Nikabonyeza tena.
Feni zikaamka moja baada ya nyingine,
na tranka, kwa mara ya kwanza tangu shule,
likawa na la kusema.
Kwenye skrini gari langu likasimama mstari wa kuanzia,
barabara ya nchi nisiyoijua, mvua inanyesha,
kila tone na kivuli chake.

Mama akaja, shuka begani.
Hakutazama gari.
Akaweka kiganja mbele ya tundu,
vile alivyokuwa akinipima homa.
"Linapumua," akasema.

Akatoka, akarudi na kufuli,
akalifunga pale pale lilipozoea.
Ufunguo akaondoka nao.