Daftari la Mudiri

Babu alianza kwa kuhesabu.
Karani wa mizani, Wete, miaka sita,
gunia baada ya gunia, karafuu mbali, makonyo mbali,
mpaka vumbi lake likamfuata hata kwenye maji ya kunywa.
Halafu ikaja barua yenye muhuri wa lakiri,
na kijana wa Mtambwe akawa Mudiri Sleyum bin Khelef,
mwenye bushti, baiskeli ya serikali,
na tarishi wa kuisukuma mlimani.

Micheweni kwanza, ambako mawe huota vizuri kuliko muhogo.
Kisha Kengeja. Huko alidumu miaka kumi na minne.
Aliandika waliozaliwa na waliokufa.
Aliandika vibali vya ngoma.
Siku ya mchezo wa ng'ombe aliandika nani ashike kamba
na nani alipe ua wa makuti uliovunjwa.
Masheha walimwogopa kwa sababu hakupiga kelele.
Disii akija kutoka Chake hunywa chai,
hutia saini, huondoka kabla mvua haijaifunga njia.
Yaliyobaki yote yalikuwa ya Babu.

Mimi nimerithi daftari moja tu.
Mende wamekula pembe zake.
Ukurasa wa themanini na mbili, wino wa zambarau:
mikarafuu kumi na saba, bonde la nyuma ya msikiti.
Bi Chumu binti Kombo adai ni ya marehemu mumewe.
Shemegi yake ana karatasi.
Bi Chumu hana karatasi. Anaijua miti kwa majina.
Aliitaja barazani mmoja mmoja,
Mama Pacha, Mkaidi, Kigongo, Uliopigwa na Radi,
na Babu akasikiliza mpaka adhuhuri,
kisha akaandika: Karatasi imeshinda.

Hakuna jingine. Ila pembeni,
kwa kalamu ya risasi, mkono umeshaanza kutetemeka:
Mti wa tano aliuitaje?

Alistaafu, akapewa saa ya mfukoni ambayo haikuwahi kwenda.
Sisi wajukuu tulimjua hivyo, mzee wa fulana
akitutuma maji ya miche nyuma ya choo.
Kumi na saba. Tulidhani ni mazoea ya hesabu.
Hakuipa majina, na sisi alitukataza.
Mkarafuu haumhurumii mzee,
unataka miaka saba, minane.
Yeye alipata mitano.

Wasia wake ulikuwa mfupi kama hukumu zake:
Urithi ufuate sheria.
Saa apewe atakayeweza kuitengeneza.
Miche si yangu. Atafutwe wa Bi Chumu.

Tulimpata Mkoani, mjukuu wake,
muuza vitumbua karibu na gati.
Akaja na panga. Hakukaa kitako, chai hakuigusa.
Alitembea akishika mashina, akihesabu kwa sauti,
akaishia kumi na tano.
Miwili ilikauka mwaka ule wa ukame, tukamwambia.
Akatutazama kama mtu mwenye karatasi.
"Andikeni," akasema.