Jiwe la Riat

Asubuhi, kabla ukungu haujaliachia ziwa,
nasukuma baiskeli juu ya Riat.
Kupanda hakuna sifa: ni kisigino kuteleza,
ni pumzi ya mtu wa miaka arobaini na mmoja
ashindaye wiki nzima akisoma mita za maji za wenzake.

Juu, nashusha tandiko.
Fundi Abwao alinipa sheria tatu
spoku ikiwa mdomoni, nikazisikia mbili.
Usikae: tandiko ni la waendao sokoni.
Na usilitazame jiwe.
Jicho likishika jiwe, gurudumu hufuata jicho.
Ya tatu aliimeza na mate.

Basi naachia.

Kwanza changarawe, inachekecha kama mahindi kwenye ungo,
kisha ngazi za mwamba, moja, nyingine, pengo, nyingine;
breki ya nyuma inalia,
ya mbele naigusa kwa kidole kimoja
kama mtu anayeonja chai ya moto,
magoti yamelegea,
viwiko nje kama mbawa za kuku aliyeshtuliwa,
na mlima wote unapanda mikononi mwangu hadi kwenye magego.
Kushoto, miiba. Kulia hakuna kitu; kulia ni hewa,
na mabati ya Mamboleo yanametameta huko chini.

Halafu lile.
La kijivu, mgongo wa kiboko,
limejilaza pale njia inapokata kona bila kumuuliza mtu.
Mara nne nimelifikia. Mara nne nimelitazama.

Leo pia.

Hewani palikuwa na kimya, kirefu cha kutosha
nikumbuke kwamba sikufunga mlango wa jikoni.
Kisha vumbi kinywani, baiskeli juu yangu,
gurudumu likizunguka tik, tik, tik,
halijui kwamba safari imekwisha.
Goti limefunguka. Damu inaitafuta soksi.

Kicheko.
Wanawake wa kokoto, watano chini ya gunia lililotandwa juu ya miti,
wametua nyundo ili wanione vizuri.
"Umeanguka, au ndivyo mnavyoshuka?" anauliza Nyar Seme.
Anakuja na maji katika chupa ya mafuta ya kupikia,
analisugua goti kama sufuria iliyoungua.
Vidole vyake amevivisha vipande vya tyubu kuukuu,
nyundo isimpate;
kimoja bado kina kiraka.

"Jiwe hili limekutesa," anasema. "Usijali.
Jumatatu tunalifikia.
Litatoa madebe sitini. Sabini, mvua ikituhurumia."
Alisema kama anayenipa zawadi.
Nikamshukuru, nikashangaa
mbona koo linawasha kuliko goti.

Jumamosi ya pili nilirudi.
Pale kwenye kona, kovu jeupe na unga wa mawe.
Nilipita kwa kasi, breki sikuzigusa.
Hata mtu mwenye kuni kichwani angepita.
Hakuna nyundo iliyotua.

Nyar Seme alikuwa ameshahamia jabali la juu,
mgongo kwangu, akihesabu madebe kwa Kijaluo,
na karo ya mtu fulani ilikuwa ndani ya hesabu ile;
nilisikia jina la shule.
Ningemwambia nini? Kwamba nililipenda?

Chini barabarani lori lilikuwa likiondoka,
limeshiba, likigugumia kwa gia ya kwanza,
kokoto zikidondoka moja moja juu ya lami.
Nikashuka, nikaokota moja.

Abwao nilimuuliza sheria ya tatu.
Hakuna ya tatu, akasema, siku ile nilikuwa na spoku mdomoni.

Kokoto iko ofisini, juu ya bili,
inazizuia zisipeperushwe na feni.
Kijivu. Upande mmoja bado mkali.
Siku nyingine, saa nane, usingizi ukinijia,
naitazama makusudi, bila kupepesa,
na kiti, taratibu,
kinaanza kuinamia mbele.