Milimita Mbili

Theluji ya Nagaoka haidondoki, inadai.
Barabarani mabomba yanaitemea maji ya kisima
na lami imekuwa rangi ya kutu.
Nimefika maabara saa tisa usiku, soksi zimelowa.
Kiwako yupo tangu jioni, anasikiliza pampu:
ombwe halitaki haraka,
lazima chuma kisahau hewa.

Kuieleza kazi yetu ni rahisi.
Chukua ioni za risasi
(risasi ya madini, si ya bunduki, ingawa…)
zitie mbio, zilenge punje ya hidrojeni iliyoganda,
ndogo kuliko mtama,
ibanwe pande zote kwa mpigo mmoja
hadi ikumbuke undugu wake na jua.

Kuitenda, hapo ndipo penye shughuli.
Ioni zote zina chaji moja
na wenye chaji moja hawakai chumba kimoja.
Ukizikusanya zinapigana viwiko,
mwale unatanuka, unakuwa ukungu,
unaunguza bomba, shabaha inabaki baridi.

Nawajua watu hao.
Kule Tochio tulizaliwa wanne.
Yasuhei anataka shamba la mpunga liuzwe,
Fumiyo amebadilisha kufuli,
mdogo wetu Shunkichi hapokei simu,
nami nakaa kimya, kimya chenye makelele.
Wote tumerithi sauti ya baba.
Tangu tumzike mama
hatujakaa pamoja kula tofu ya kukaanga.

«Usizivute tu kwa sumaku,» Kiwako ananiambia.
Ana miaka thelathini na moja; mimi nimebakiza minne nistaafu.
«Zipitishe kwanza kwenye plazma,
elektroni zizizunguke, zizipoze.
Kisha za mbele zipunguzie mwendo,
za nyuma ziongezee.
Zitafika kwa pamoja.»

Aliyechelewa ndiye apewe mbio.
Nimeiandika nyuma ya risiti ya petroli.

Saa kumi na moja na dakika nane.
King'ora. Kapasita zinajaa, zinavuma kama nyuki ndani ya ukuta.
Halafu mlio mkavu, kama mtu amevunja kijiti.
Kwenye kioo, doa.
Jana lilikuwa pana kama kidole gumba,
leo milimita mbili.
Zilikuwa pamoja kwa muda usiotosha hata kope kushuka,
kisha kila moja na njia yake.

Hakuna jua lililowaka.
Umeme tulioutumia ungechemsha chai ya mtaa mzima,
na tulichovuna hakipashi hata kikombe.
Kiwako akachora duara daftarini, akaandika tarehe,
akamega tonge lake la wali, nusu akanipa.

Nikatoka nje.
Nikaanza na Shunkichi, yule wa nyuma kabisa.
Simu iliita.
Bado giza, mabomba yanatema,
na simu inaita.