Omena kwa Vijiti

Kabla sijapanda ndege kwenda Nagoya
Morishita alinifundisha kula
mezani kwa mama, Nyalenda,
kwa vijiti alivyochonga mwenyewe
kutoka mwanzi wa Maseno.

Somo la kwanza, omena.
Mmoja mmoja, Obiero, akasema,
nami nikabana hewa, nikabana ukingo wa sahani,
omena akachomoka, akatua kwenye chai ya mama.
Amekwisha kufa huyo, mama akasema, wamkimbiza wa nini?
Akamega ugali, akafinya, akachovya,
akasafisha sahani nami niko omena wa nne.

Somo la pili, kelele.
Tambi huvutwa kwa sauti, ffyuup,
mpishi huko jikoni ajue umeshukuru.
Mama akanitazama. Utoto wangu wote
alinipiga kofi kwa kufyonza uji.
Nikavuta. Mchuzi ukanirukia shati.
Morishita akapiga makofi. Mama hakupiga.

Na usijimiminie.
Kikombe chako ni kazi ya jirani,
cha jirani ni kazi yako.
Kama maji ya kunawa, mama akadakia,
nani hujimwagia mwenyewe palipo na watu?
Hapo wakaelewana, wazee hao wawili,
juu ya jagi la plastiki lililopasuka mdomo.

Wali ukaja. Vidole vimenichoka.
Nikavisimika vijiti katikati ya kilima,
wima, kama nguzo mbili za stima,
nikainuka kuzima redio.

Niliporudi Morishita alikuwa kimya.
Akavichomoa polepole,
kama mtu atoaye mwiba mguuni mwa mtoto,
akavilaza kando.
Hivyo, akasema, humwekea maiti.
Bakuli la wali, vijiti wima, karibu na kichwa.

Ulimwekea nani mara ya mwisho?
Aliyeuliza ni mama; mimi nisingethubutu.

Mke wangu. Lakini aliyeweka ni dada yake.
Mimi nilikuwa Kajulu, nikilaza mabomba,
habari ikanifikia siku ya tatu.

Mama hakusema pole.
Alifungua kabati, akatoa lile bakuli la maua
ambalo hata mchungaji hajalilia,
akalijaza wali hadi ukavimba,
akaliweka upande wa meza usio na kiti.
Kisha akamsogezea Morishita vijiti.

Baada ya hapo hapakuwa na somo.
Tulikunywa chai ya kijani ya Nandi, chungu, bila sukari.
Mama aliikunjia uso, akainywa yote,
na kikombe kilipokauka
akaketi tu, mikono mapajani,
akingoja tumwone.